Kusini Kwangua, Kaskazini Bembeleza

Ukoo wa Garrod haukuwa na mali ya kurithishana. Ulikuwa na ndoo, ngazi mbili, brashi za nywele za nguruwe zilizokwisha kwa kutumika, na kauli moja: kusini kwangua, kaskazini bembeleza. Kila baada ya miaka kumi, tangu enzi za babu wa babu zao, Garrod mmoja alilipaka chokaa kanisa la Wissenham kwa ndani, na kila Garrod alifundishwa vivyo hivyo. Ukuta wa kusini unaukwangua kwa chuma mpaka chokaa iliyochoka itoke, ndipo unapaka mpya. Wa kaskazini huugusi kwa chuma hata kidogo. Unaufuta vumbi kwa kitambaa, unaupaka juu kwa juu kwa mkono mwepesi, unashuka ngazi, unakwenda zako baa. Ukiuliza sababu, unaambiwa ukuta wa kaskazini una baridi yabisi. Na watu wazima wenye akili zao waliikubali sababu hiyo, vizazi na vizazi.

Clem Garrod, mwenye miaka sabini na minane, aliyeacha kupanda ngazi tangu goti lake la kulia limsaliti, ndiye aliyekuwa wa mwisho kufundishwa kauli hiyo. Ndiye pia Garrod pekee aliyewahi kuivunja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Clem alikuwa kata ya mtungi huo kwa miaka hamsini na minane.

Mwezi wa Januari mfereji wa paa uliziba kwa majani, maji yakateremka ndani ya ukuta wa kaskazini, na asubuhi moja ya Jumapili kipande cha chokaa chenye ukubwa wa sinia kikaanguka nyuma ya viti. Maureen Catchpole, mzee wa kanisa, aliyekuja mapema kuwasha mitambo ya joto, alikwenda na ufagio wake akinung'unika. Alipoinua macho ukutani ufagio ukamtoka mkononi. Kulikuwa na mguu pale. Mguu mtupu wa mtu, mrefu kuliko mkono wa Maureen toka bega hadi kidole, umesimama ndani ya maji ya kijani, na katikati ya vidole vyake alipita mkunga mweusi, kajikunja, kama kachorwa jana.

"Nilidhani nimepatwa na kiharusi," Maureen alikuwa akiwaambia watu baadaye. "Nikajisemea, Maureen, ukianza kuona miguu, kazi imekwisha."

Ibada ya siku ile haikufanyika, ingawa kasisi alijitahidi. Watu kumi na tisa walisimama mbele ya mguu ule na vitabu vyao vya nyimbo vimefungwa, hakuna aliyekohoa. Clem alikuwa miongoni mwao. Wengine walikuwa wanaona ajabu, na yeye pia aliiona. Lakini yeye aliona na kitu kingine, na macho yake yakapanda taratibu mpaka juu kabisa ya ukuta, mahali ambapo bega la mtu mwenye mguu kama ule lingekuwa.

Mwanzoni mwa Februari akaja Philippa Stannard, fundi wa picha za kale, mwanamke mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Akajengewa jukwaa la mabomba, akapanda na taa yake, na visu vidogo kama vya daktari wa upasuaji, akaanza kuibandua chokaa kidogo kidogo. Kila asubuhi saa nne Clem aliingia, akakaa benchi la tatu, mikono juu ya fimbo. Philippa alimzoea. Alikuwa mtu wa kuzungumza na ukuta, sasa akawa na mtu wa kujibu.

"Huyu ni Kristofa, Bwana Garrod," alimwambia siku ya pili, bila kugeuka. "Jitu lililombeba Mtoto kuvuka mto. Walikuwa wakimchora mkabala na mlango, ili mtu akiingia tu amwone. Waliamini ukimwona asubuhi, siku hiyo hufi kifo kibaya."

"Basi mimi nimechelewa kidogo," alisema Clem.

Jitu likawa linatoka. Ulitoka mguu wa pili, na samaki wengine sita, na kaa, na nguva mdogo mwenye kioo mkononi ambaye kasisi aliomba asipigwe picha sana. Likatoka joho jekundu lililokunjwa kiunoni, jekundu la kuumiza macho baada ya weupe wa miaka karibu mia tano. Ikatoka fimbo, ambayo ilikuwa mti mzima wenye majani. Wissenham ni kijiji cha nyumba arobaini ambacho watu wake hawashangazwi na kitu, na kinajivunia hilo. Sasa walikuwa wanaingia kanisani na chupa zao za chai katikati ya siku ya kazi, wakulima wenye matope hadi magotini, wanasimama, wanavua kofia. Hata Joyce Utting, mjane ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu mazishi ya mumewe Perce, fundi umeme, alikuja na kiti chake cha kukunja. Mtu alikuwa anaogopa kusema kwa sauti. Lile jitu lilikuwa limesimama nyuma ya migongo yao siku zote: katika arusi zao, katika ubatizo wao, katika nyimbo zao mbovu za Krismasi.

Wiki ya tatu Philippa akashuka na unga mweupe kwenye ncha ya kidole.

"Bwana Garrod, onja."

Clem akaonja. Aliijua chokaa kama mpishi anavyoijua chumvi. "Hii siyo chokaa. Hii ni chaki. Chaki na gundi nyepesi."

"Basi nisikilize. Karibu miaka mia tano iliyopita mfalme alibadili dini ya nchi, akaamuru picha zote za watakatifu zifutwe. Makanisa mengine walizichimba kwa sululu. Hapa mtu wa kwanza aliyepewa kazi alipaka chaki kwanza, kitu laini kisichoshika, ndipo akapaka chokaa juu yake. Wakaguzi wakaja, wakaona ukuta mweupe, wakaondoka. Chokaa haikugusa picha hata siku moja. Ndiyo maana inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha." Akavua miwani yote miwili. "Yule mtu alimdanganya mfalme kwa brashi. Na baada yake hakuna aliyeukwangua. Ni nani waliokuwa wakipaka hapa?"

Maureen, aliyekuwa anapanga maua na masikio yake yote mawili yako kazini, akaruka. "Ni wao! Ni akina Garrod! Jina lao limo kwenye vitabu vya kanisa tangu vilipoanza kuandikwa! Kusini kwangua, kaskazini bembeleza! Clem, kumbe si baridi yabisi!"

Clem alijaribu kucheka. Alimwona yule mtu wa kwanza, Garrod asiyejua kusoma, na ndoo yake ya chaki, anapiga hesabu ya uongo wake huku askari wakimngoja nje. Alimwona anamfundisha mwanawe kauli bila sababu, maana sababu ingeweza kumtia kitanzi shingoni. Kisha mwana naye akamfundisha mwana, sababu ikasahaulika, utii ukabaki. Watu kumi na tano, labda kumi na sita, kila mmoja kabembeleza ukuta asioujua. Na wa kumi na saba ni yeye.

Kufikia jioni Maureen alikuwa tayari ameagiza kibao cha shaba. *Kwa ukoo wa Garrod, walioutunza.*

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa sitini na sita Clem alikuwa na miaka ishirini, karudi kutoka kozi ya ujenzi Ipswich na cheti, na kikwanguo kipya cha chuma cha pua, na mdomo. Baba yake Reuben alikuwa ameshuka kwenda kuongeza maji kwenye pipa la chokaa, na huko akakutana na watu, akakawia. Clem alikuwa juu ya ngazi ya kaskazini. Baridi yabisi! Alijisemea kuwa atamwonyesha mzee kazi ya kisasa. Akakwangua. Alikwangua eneo la kutosha mlango wa kabati, kwa nguvu zote za kijana anayetaka kusifiwa. Vumbi likaanza kuanguka lina rangi, la waridi na la buluu, naye akadhani ni ukungu. Halafu, kwa muda wa kupepesa tu, akaona jicho. Jicho la kahawia, tulivu, linamtazama. Mkono ulikuwa umeshaenda. Chuma kikapita.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Clem hakuvunjika kitu, na hilo ndilo lililomtesa. Baba yake alirudi, akapanda ngazi, akalitazama lile pengo muda mrefu. Akashuka. Hakumgombeza. Alichukua ufagio mdogo, akazoa lile vumbi lote sakafuni kwa magoti, akapanda tena, akapaka. Tangu siku ile hadi alipozikwa, mwaka wa tisini na nne, Reuben Garrod hakulitaja neno hilo. Lakini kila majira ya baridi, Jumamosi mchana, alijifungia kwenye kibanda chake cha bustanini, na Clem akigonga alijibiwa, "Nina kazi." Clem alijua maana yake: mzee hawezi kukaa naye chumba kimoja. Alijifariji kwa lile lisemwalo, maji yakimwagika hayazoleki. Ilikuwa faraja ya kipuuzi, lakini aliitumia miaka mingi.

Jumatatu ya Juma Kuu Philippa akafika kwenye ndevu za jitu. Uso wa Kristofa ulikuwa umegeuka, unatazama juu ya bega lake mwenyewe kwa mshangao, kama mtu anayeuliza mbona mzigo mdogo hivi una uzito namna hii.

"Alhamisi nitamfikia Mtoto," Philippa alisema. "Bila Mtoto, huyu ni jitu tu linalovuka mto. Lakini nakuonya mapema, Bwana Garrod, pale juu pamelowa sana. Nikikuta pengo, ni maji. Asilaumiwe mtu."

Mlango ukafunguliwa hivyo, mpana, bila hata Clem kuugonga. *Asilaumiwe mtu.* Alirudi nyumbani akashindwa kula. Dada yake Olive, mwenye miaka themanini na mitano, aliyekuwa akiishi naye tangu mke wa Clem afariki, alimtazama juu ya sahani ya viazi.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, dada."

"Huna kitu na pai ya nyama ya figo imebaki? Clem Garrod, mimi nilikubadilisha nepi."

"Nimesema sina kitu!"

Olive akavuta sahani ya mdogo wake akala yeye.

Alhamisi saa tisa alasiri kanisa lilijaa. Maureen alikuwa ametandika meza ya chai na mikate ya zabibu yenye msalaba, na kibao cha shaba kilikuwa juu ya mto wa kupigia magoti, kimefunikwa leso. Philippa juu ya jukwaa aliingiza kisu, akasubiri, akakibandua kipande cha mwisho kikubwa, kizima kizima. Watu wote walivuta pumzi. Palionekana mkono mdogo wenye vidole viwili vimeinuliwa kubariki. Palionekana pindo la vazi la buluu. Na juu ya vazi, mahali pa uso, hapakuwa na kitu. Lipu tupu ya kijivu, imechanwachanwa.

Mtu mmoja akalia kidogo. Philippa alisogeza taa, akasogeza tena. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Haya siyo maji. Hii ni alama ya chuma. Chuma cha kisasa, cha pua."

"Nilijua!" Maureen akapiga meza, vikombe vikarukaruka. "Ni Perce Utting! Alipoingiza umeme mwaka ule wa sabini alikuwa anatoboa kila mahali kama kigogota! Mungu amlaze pema, lakini mikono yake—"

Joyce Utting alimsikia. Alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja na kikombe cha chai, amevaa koti lake zuri. Alikiinamia kikombe kile, na watu wakaanza kutazama pembeni, kama watu wanavyotazama pembeni pale aibu inapomwangukia mtu asiye na wa kumtetea.

Clem alisimama. Goti likalalamika, likapuuzwa.

"Perce hakuugusa ukuta huu," alisema. "Ni mimi."

"Kaa chini, Clem, chai inakuja," alisema Maureen.

"Maureen, nyamaza kwa mara moja katika maisha yako. Ni mimi. Mwaka wa sitini na sita. Baba alinikataza, baba yake alimkataza, wote walikatazwa wakatii. Mimi nilikuwa na cheti." Aliyasema yote. Alisema juu ya kikwanguo, na vumbi la waridi, na jicho. Alipofika kwenye jicho ikabidi aanze upya. "Nililiona. Nikalifuta. Na nimekaa kwenye benchi hili wiki saba nikipewa mkono na kila mtu. Joyce, unisamehe. Hicho kibao, Maureen, kirudishe dukani."

Ilisikika fimbo moja tu ikigonga sakafu: Olive alikuwa anasimama.

"Miaka hamsini na minane," alisema Olive. "Nilidhani nitakufa kabla hujalisema, mjinga wewe. Msiondoke, mtu yeyote."

Akatoka. Nyumba yao ilikuwa ya pili kutoka lango la makaburi, lakini kwa mwendo wa Olive ilikuwa safari. Hakuna aliyegusa mkate. Kasisi alikuja kukaa kando ya Clem, na Joyce Utting akasogeza kiti chake cha kukunja mpaka upande wa pili, akampa Clem kikombe chake mwenyewe cha chai, nusu kimenywewa.

Olive akarudi na bati la biskuti, lile pana la mraba, limefungwa kwa kamba ya katani. Clem alilifahamu. Lilikaa chini ya kitanda cha Olive tangu mazishi ya baba, na alidhani ni barua za mapenzi, akawa haligusi kwa heshima.

"Baba alinipa hospitalini," Olive alisema, akimwambia yeye lakini kila mtu akisikia. "Akaniapisha. Alisema, mpe Clem siku atakapolisema kwa mdomo wake. Nikamwambia, baba, si umpe tu sasa, mtoto anateketea. Akasema, nikimpa kabla hajasema nitakuwa nimemnyang'anya ungamo lake." Akaikata kamba kwa kisu cha keki. "Miaka yote hii nimekutazama ukishindwa kula viazi."

Ndani ya bati, katika gunia lililokunjwa, mlikuwa na kigae kimoja cha jiwe, cha paa. Juu ya kigae, vimegandishwa kwa uji wa ngano, palikuwa na vipande. Vingine havikuzidi punje ya mchele. Mamia na mamia ya vipande vya waridi na kahawia na dhahabu, vimepangwa kimoja kando ya kingine na mikono minene ya mpaka chokaa, Jumamosi baada ya Jumamosi, majira ya baridi ishirini na nane. Palikuwa na shavu. Palikuwa na nywele za dhahabu, na mdomo uliokaa upande kidogo, maana mzee alikisia. Paji la uso lilikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu. Na palikuwa na jicho, zima, la kahawia, tulivu, linatazama.

Philippa alikuwa ameshuka bila mtu kumwona. Alipiga magoti mbele ya bati lile pale pale sakafuni. "Uji wa ngano," alinong'ona. "Huita mende, panya, ukungu; hakuna gundi mbaya kuliko hii." Akafuta macho kwa kiwiko. "Sijawahi kuona kitu kama hiki. Tangu nizaliwe sijawahi."

Basi, yalikuwa yamezoleka. Reuben Garrod aliyazoa kwa magoti siku ile ile, huku mwanawe amesimama kando akidhani anaadhibiwa. Clem aliutazama mlango wa kibanda akilini mwake, akaisikia ile "Nina kazi," na akaielewa, akiwa na miaka sabini na minane. Alilia wazi, mbele ya kijiji kizima, na kijiji kikamwacha alie.

"Nataka kuona," Philippa alisema baada ya muda. "Kabla sijakipeleka kwenye karakana. Nataka tukiweke mahali pake, kwa dakika moja tu. Nani atakipandisha nami?"

Wote wakamtazama mtu mmoja.

"Goti lako, Clem," alisema Maureen, kwa upole ambao haukuwahi kusikika kinywani mwake.

"Goti na litulie."

Akavishwa glavu nyeupe. Alipanda ngazi za jukwaa moja moja, kigae kimeegemea begani kwake, Philippa nyuma yake akiwa amemshika mkanda wa suruali. Kristofa alikuwa upande wake wa kushoto, mkubwa mno, magoti, kisha fimbo, kisha ndevu. Kileleni Clem akageuka, akakiinua kigae kwa mikono miwili, akakiweka juu ya lile pengo alilolifanya mwenyewe.

Kutoka chini sauti ikapanda. Haikuwa shangwe. Ilikuwa pumzi ya watu wengi pamoja. Wao walikuwa wanaona yote kwa mara moja: mto, samaki, jitu lililogeuza uso, na Mtoto anayetazamwa, amerudi begani. Joyce Utting alisimama kutoka kwenye kiti chake. Mwanaume mmoja karibu na mlango alifanya ishara ya msalaba, jambo lisilofanyika Wissenham.

Clem hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa karibu mno. Aliona jicho moja tu, upana wa kiganja kutoka kwake, umbali ule ule wa mwanzo.

"Mtoto ni mzito?" Philippa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kigae ni kigae," Clem alisema.

"Dakika imekwisha, Bwana Garrod. Nipe mimi."

"Bado," alisema Clem. "Acha nimshike kidogo."